Mpungate wa Mchangani Pwani ya Mombasa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ni yale ambayo watu huuliza wakishakutana na mmea wa mabapa na miiba karibu na maji, na wengi huuliza baada ya kuchomwa. Majibu yameandikwa kwa mtu mwenye simu, rula na subira kidogo. Hahitaji kuwa amesomea mimea.

Mombasa kuna matuta ya mchanga kweli?

Machache, na madogo. Sehemu kubwa ya kisiwa ni majabali ya matumbawe, kama unavyoyaona ukitembea Mama Ngina. Mchanga unaanza kuonekana vizuri ukivuka kuelekea Nyali, Bamburi na Shanzu, au ukipanda feri kwenda Likoni na kushuka kusini hadi Tiwi na Diani. Hata huko, ukanda wa mchanga ulio juu ya maji ya bamvua ni mwembamba, na mara nyingi umebanwa na kuta za hoteli. Anayetaka kuona matuta yenyewe, ya kupanda na kuteremka, aende Mambrui, kaskazini ya Malindi, ambako mto Sabaki humwaga mchanga wake, au Shela kule Lamu. Lakini mpungate haudai tuta kubwa. Unatosheka na mchanga mkavu usiotuamisha maji, jua la kutosha na upepo wa chumvi, na hivyo vyote Mombasa viko tele.

Nitajuaje kama ni mpungate na si mnyaa?

Ukwaruze kwa kijiti, usitumie kidole. Ukitoka utomvu mweupe wa maziwa, huo si mpungate, ni mnyaa au jamaa yake, na utomvu huo ukiingia jichoni utakukimbiza hospitali. Mpungate hutoa ute wa kuteleza usio na rangi.

Kisha tazama vitone. Bapa la mpungate lina vitone vilivyopangwa kwa mistari ya mshazari, ambavyo wataalamu huviita areoli. Ndani ya kila kitone mna sufi fupi, mna vijiba, yaani miiba midogo mno iliyosongamana, na mara nyingi mwiba mmoja mrefu au zaidi. Mmea usio na vitone hivyo si wa familia ya kakati (cactus), ambayo mpungate ni mmoja wao, hata uwe na miiba ya kutisha namna gani. Mkonge na mshubiri nao huingizwa kwenye mkanganyiko huu, ingawa hiyo ina majani marefu yanayotoka pamoja chini, wala haina mabapa yaliyoungana moja juu ya jingine.

Ni mmea wa kwetu?

La. Mipungate yote, yaani jenasi Opuntia, asili yake ni mabara ya Amerika. Katika familia nzima ya kakati ni spishi moja tu inayoota Afrika kiasili, Rhipsalis baccifera, nayo haina miiba ya kumdhuru mtu na huning'inia juu ya miti msituni. Mpungate wowote uuonao kuanzia Shanzu hadi Shelly Beach uliletwa, au mzazi wake aliletwa.

Nikiukuta kwenye mchanga karibu na bahari, nianze kushuku spishi gani?

Anza na Opuntia stricta. Kwao ni mmea wa pwani hasa: huota kwenye matuta ya mchanga ya Florida, kandokando ya Ghuba ya Meksiko na kwenye visiwa vya Karibi. Chumvi haiutishi. Kenya umeshaenea, na huko bara kuna malalamiko mengi kuuhusu kuliko huku pwani.

Dalili zake ni hizi, na uziangalie zote pamoja. Ni kichaka, si mti: mara nyingi hukufika magotini au kiunoni, na hutanuka ubavuni kuliko unavyopanda juu. Hauna gogo. Mabapa yake ni ya kijani chenye ubuluu kidogo, yamefifia, hayang'ai. Urefu wa bapa lililokomaa ni kama sentimita 10 hadi 25, na ni pana juu, jembamba linapoungana na lile la chini. Vijiba ni vya manjano. Miiba mirefu, ikiwapo, ni ya manjano pia, na hupenda kukaa ukingoni mwa bapa kuliko katikati. Ua ni la manjano. Tunda ni la zambarau iliyoiva vizuri, sentimita 4 hadi 6, limechongoka upande wa chini, na ukilikata nyama ya ndani ni zambarau ileile mpaka katikati.

Hiyo rangi ya ndani ya tunda ni dalili nzuri kuliko watu wanavyodhani. Mfukoni beba kisu kidogo.

Nimesoma habari za Opuntia dillenii. Huo ni tofauti na stricta?

Hapa ndipo penye ugomvi wenyewe, na afadhali uujue mapema usije ukadhani umekosea wewe. Haworth, mtaalamu wa mimea Mwingereza, aliutaja stricta mwanzoni mwa karne ya 19, na dillenii ukaelezwa miaka michache baadaye kama spishi mbali. Mwaka 1969 Lyman Benson, mtaalamu wa mimea Mmarekani, akauweka dillenii chini ya stricta kama aina yake tu. Tangu hapo waandishi wamegawanyika: wako wanaoziandika spishi mbili, wako wanaoandika Opuntia stricta na kuongeza aina dillenii.

Kwa macho, tofauti iko kwenye miiba. Stricta halisi ama haina miiba mirefu kabisa ama ina mmoja, pengine miwili, kwenye baadhi ya vitone tu. Dillenii ina mingi katika karibu kila kitone, mitatu, mitano, hata zaidi, na miiba yenyewe imebapa na kupinda kidogo. Uushike mwiba kwa kibanio ukauzungushe: ule uliobapa utauona unabadilika upana, mviringo haubadiliki. Aghalabu dillenii pia huwa mrefu zaidi, unaweza kumpita mtu kimo.

Matatizo yanakuja kwa mmea wa katikati, wenye miiba miwili huku na minne kule. Mimea ya namna hiyo ipo, tena si michache. Mimi huandika "Opuntia stricta, kwa maana pana" kisha nikaeleza idadi ya miiba. Jina lenye maelezo humfaa anayekuja baadaye kuliko jina la uhakika wa kubahatisha.

Wa shangazi yangu pale Kisauni hauna miiba, mabapa yake makubwa, na tunda lake la machungwa. Ni huohuo?

Sivyo. Huo ni Opuntia ficus-indica, mpungate wa kulimwa, ambao watu wa Meksiko wameufuga tangu zamani sana kwa ajili ya matunda na mabapa machanga. Mabapa yake ni mazito, ya kijani cha kijivu, na hufika sentimita 40 au zaidi. Ukiachwa unakuwa mti wa mita kadhaa, na gogo lake huota gamba. Miiba, ikitokea, ni michache na myeupe, si ya manjano. Tunda ni kubwa, na laweza kuwa la manjano, la machungwa au jekundu. Mpe shangazi pole kwa mbuzi wa jirani, maana bapa lisilo na miiba halina wa kulitetea.

Kama ule wa uani una maua mekundu yaliyofumba huku nyuzi zikichomoza nje, huo ni mwingine tena, Opuntia cochenillifera, wa bustanini.

Na ule mrefu wenye shina la mti na mabapa yanayong'aa?

Mshuku Opuntia monacantha, nao pia ni wa pwani kwa asili: kwao ni pwani ya mashariki ya Amerika ya Kusini, Brazili hadi Argentina, mchangani na mawemawe. Tofauti na stricta huonekana kwa mbali. Una gogo, bapa ni jembamba, la kijani kibichi kinachong'aa, na matawi ya juu huelekea kuinama. Miiba ni mmoja au miwili kwa kitone, ya mviringo, iliyonyooka, ya kijivu yenye ncha ya hudhurungi. Petali za nje za ua zina mstari mwekundu mgongoni, na hilo halimo kwa stricta. Matunda hukaa mmeani muda mrefu, na mengine huchipuza tunda juu ya tunda.

Mmea huu umezunguka dunia kwa sababu ya mdudu. Mwaka 1787 msafara wa Waingereza uliokwenda kuanzisha makazi Australia ulipitia Rio de Janeiro ukabeba mipungate hii, ili ifugiwe kimamba anayetoa rangi nyekundu ya nguo za askari. Mwaka 1795 India nako waliagiza mdudu huyo kutoka Brazili, wakaletewa wa jamii nyingine asiyefaa kwa rangi, Dactylopius ceylonicus, naye akaimaliza mipungate iliyokuwa imezagaa. Hicho ndicho kisa kinachotajwa mara nyingi kama mwanzo wa kutumia mdudu kupambana na magugu, na hakuna aliyekipanga.

Rafiki yangu wa Nanyuki anasema wao wana Opuntia ileile. Ni kweli?

Nusu ni kweli. Laikipia wana stricta, lakini wana pia Opuntia engelmannii, na hizi mbili huota karibu karibu. Engelmannii ina mabapa makubwa ya mviringo na miiba myeupe ya rangi ya chokaa, yenye wekundu au hudhurungi kwenye shina la mwiba. Akutumie picha ya mwiba tu, aliyoipiga kwa karibu. Ukiwa wa manjano mpaka chini, mwelekee stricta.

Kule jambo ni zito. Tembo, nyani na mifugo hula matunda na kusambaza mbegu, na vijiba huumiza midomo, macho na matumbo ya mbuzi na ng'ombe.

Mgeni kutoka Florida alisema wetu ni "kale kadogo ka kwao kanakonata viatuni". Nimwamini?

Anazungumzia Opuntia drummondii, ambao vitabu vya zamani huuita pusilla, mmea wa matuta ya mchanga ya kusini-mashariki ya Marekani. Vipande vyake ni vidogo, vingi vya sentimita chache tu, vinene kwa kadiri yake, na hung'oka kwa kuguswa. Miiba yake ina vijino vinavyoangalia nyuma, ndiyo sababu hunasa kwenye kiatu au mguu wa mbwa na kubebwa kwenda kuota penginepo. Jamaa yake mwingine wa huko, Opuntia humifusa, naye hutambaa chini na mara chache huvuka sentimita 30 kwenda juu.

Mgeni wako hakudanganya kuhusu kwao. Ila ukitaka kulitumia jina hilo Bamburi, jiulize kwanza: bapa lililokomaa lina urefu gani? Likipita sentimita 15, drummondii limetoka. Mara nyingi kinachoonekana kidogo ni stricta mchanga, au aliyefukiwa nusu na mchanga wa kusi, mabapa ya juu tu yakibaki nje. Fukua kidogo kwa mti uone kuna nini chini.

Nipime bapa lipi?

Lisiwe la ncha kabisa, wala lile la chini lililokauka likageuka rangi. Chukua la pili au la tatu kutoka juu, lililokwisha kukomaa, na pima matatu au manne ya mmea mmoja. Bapa changa hudanganya kwa njia mbili. Kwanza ni dogo na linang'aa kuliko litakavyokuwa. Pili lina vijani vidogo vilivyochongoka, milimita chache, ambavyo watu huvihesabu kama miiba. Hivyo ndivyo majani halisi ya mpungate, na huanguka baada ya muda mfupi. Bapa lenyewe ni shina.

Ua la manjano halitoshi?

Halitoshi hata kidogo. Stricta ni la manjano, dillenii la manjano, monacantha la manjano kwa ndani, humifusa la manjano, na ficus-indica pia aghalabu. Tena ua la manjano likianza kunyauka huweza kugeuka kuelekea machungwa, kwa hiyo mtu aliyepita jana na aliyepita leo watabishana bure. Ua lipige picha kwa juu na kwa ubavu, kwa sababu ubavuni ndiko uuonako ule mstari mwekundu wa monacantha. Ukiligusa kwa kijiti katikati utaona nyuzi za manjano zinajikunja zenyewe, jambo la kufurahisha watoto, ila halisaidii kutambua spishi.

Mmea mmoja una miiba upande wa baharini, upande wa kivulini hauna. Nihesabu upi?

Zote mbili, na uandike hivyo. Mwanga na umri wa bapa hubadilisha wingi wa miiba. Mpungate uliojificha chini ya mivinje mara nyingi huwa na miiba michache kuliko ulio juani. Kwa hiyo usiseme "hauna miiba" mpaka umeuzunguka mmea mzima, hasa kingo za mabapa ya juu.

Kuna vitu vyeupe vya sufi vimegandamana kwenye mabapa. Ni ukungu?

Jaribu kubonyeza kimoja kwa kijiti. Kikitoa rangi nyekundu ya damu, ni kimamba wa jenasi Dactylopius, na ile sufi ni nyumba yake. Mmoja wao, Dactylopius opuntiae, ameachiliwa kwa makusudi Laikipia ili aipunguze stricta. Kimamba huyu huchagua: ukoo unaostawi kwa stricta haustawi vizuri kwa ficus-indica. Hiyo yaweza kuongeza uzito kidogo kwenye ushahidi wako, lakini usiifanye ndiyo hoja ya kwanza. Usimhamishe mdudu huyo kwa mkono kwenda kwingine. Kazi hiyo ina wenyewe na ina sheria zake.

Australia ndiko wadudu walikotumika kwa kishindo. Kufikia miaka ya 1920 mipungate, hasa stricta, ilikuwa imefunika takriban hekta milioni 24. Mwaka 1926 wakaachilia nondo kutoka Argentina, Cactoblastis cactorum, ambaye viwavi wake hula bapa kutokea ndani, na katika miaka michache mashamba yakarudi. Nondo huyohuyo alipofika Florida mwaka 1989 akawa adui, kwa kuwa kule mipungate ni ya wenyeji. Mdudu yuleyule, mmea uleule, fukwe mbili tofauti.

Tunda linaliwa?

Linaliwa, la stricta na la ficus-indica pia, ila la pili ndilo lenye nyama nyingi na utamu. La stricta limejaa mbegu ngumu. Lichume kwa koleo, lipitishe motoni mpaka vijiba viungue, lisugue, kisha ndipo ulimenye. Ukila mengi ya zambarau usishtuke mkojo ukibadilika rangi. Usile tunda la mmea ambao umepigwa dawa ya magugu, na kando ya barabara au uzio wa watu hilo huwezi kulijua bila kuuliza.

Nimechomwa. Nifanye nini?

Mwiba mrefu ni rahisi, unauona, unautoa. Shida ni vile vijiba vidogo, ambavyo vina vijino na huingia kwa mafungu; vinawasha zaidi ya upupu na ukijikuna unavisukuma ndani. Usijikune, usipangusie kwenye kanga au suruali, maana utavikuta tena kesho. Toa unavyoviona kwa kibanio chini ya mwanga mkali. Vilivyobaki, paka gundi nyeupe ya shuleni, weka shashi juu, iache ikauke kabisa, kisha ibandue taratibu. Selotepu husaidia kidogo tu. Vikiingia jichoni usichezee nyumbani, nenda hospitali. Pakivimba au kutunga usaha baada ya siku kadhaa, nenda vilevile.

Jihadhari na ule mpungate mdogo wa chungu uuzwao kama "hauna miiba", wenye vitone vya rangi ya dhahabu au vyeupe. Ni Opuntia microdasys. Miiba mirefu kweli hauna; umejaa vijiba vitupu.

Naweza kuukata tu kwa panga?

Ukiukata na kuyaacha mabapa chini, umeupanda. Kila bapa lililogusa mchanga laweza kutoa mizizi, na hukaa hai muda mrefu bila maji, kwa sababu hufungua matundu yake ya hewa usiku na kuyafunga mchana. Mtu mmoja mwenye panga na haraka huacha kichaka mara tatu ya alichokikuta. Ufukuliwe na mizizi, vipande vikusanywe hadi cha mwisho, vikaushwe juu ya kitu kisichogusa ardhi kisha vichomwe, au vifukiwe shimo refu. Ondoa matunda kwanza kabla ndege na tumbili hawajayapata. Kunguru wa Mombasa, kama ujuavyo, hana anachokikataa. Na kabla ya yote uliza ardhi ni ya nani, hata kama ufuo unaonekana hauna mwenyewe.

Programu ya simu inanipa majina matatu kwa mmea mmoja. Nifuate lipi?

Usifuate lolote kwa picha moja. Programu kama iNaturalist hufanya kazi vizuri ukiilisha vizuri: picha ya mmea mzima na kitu cha kukadiria ukubwa pembeni, ya bapa moja lililokomaa na rula, ya kitone kwa karibu mpaka rangi ya mwiba ionekane, ya ua kwa ubavu, ya tunda lililokatwa katikati. Kisha subiri watu, usitegemee mashine peke yake. Andika kama mmea umejiotea au umepandwa. Mpungate ulio ndani ya ua wa hoteli na ulio juu ya tuta hauna uzito sawa kwa anayefuatilia uenezi wake.

Nikitaka jibu la kitaalamu kabisa?

Hifadhi ya mimea mikavu ya Afrika Mashariki iko Nairobi, katika Makumbusho ya Taifa. Sampuli ya mpungate haikaushwi kwa kubanwa hivihivi, itaoza. Pasua bapa kwa urefu upate nusu mbili nyembamba, komba nyama na ute kwa kijiko, bakisha ngozi na vitone vyake. Iweke katikati ya magazeti, ibane kwa vitu vizito, na badilisha magazeti kila siku mpaka ikauke. Msimu wa masika utahitaji magazeti mengi. Fanya vivyo hivyo kwa ua na tunda. Vaa glavu nzito muda wote. Kwenye karatasi andika mahali, tarehe, kimo cha mmea, umbali wa kutoka maji ya bamvua, aina ya udongo, na rangi za ua, mwiba na nyama ya tunda vikiwa vibichi, kwa kuwa rangi hizo hazitabaki baada ya kukauka.